Mguu Wako, Mkono Wangu

Mama Upendo,

Usicheke. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, nyuma ya usukani, mlango uko wazi na mguu mmoja nimeutoa nje nipate upepo. Karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Pikapu imesimama huku shambani kwetu Akheri, hatua chache kutoka ulipolala, na jinsi ilivyofika huku ndiyo habari yenyewe. Wewe hukupenda habari ianzie katikati, kwa hiyo naanzia mwanzo.

Mwanzo ni kikao. Tulipomaliza kukuzika na wageni kuondoka, ndugu tulikaa sebuleni Kimandolu kuangalia ulichoacha. Vitenge vilikwenda kwa dada zako, mizani yako ya ndizi ikaenda kwa jirani yako wa pale sokoni, na hakuna aliyebishana. Ikafika zamu ya pikapu. Mdogo wangu Elisante, aliyemaliza ujana wake wote kwenye malori, alisema kwa upole kabisa: "Kaka, gari isiyo na dereva ni banda la kuku." Alikuwa ameshapata mnunuzi. Binti yetu Upendo alikaa kwenye kona ameinamisha kichwa.

Walikuwa na haki, sikatai. Nina miaka hamsini na tisa, na mara ya mwisho kushika usukani ilikuwa kwenye ile sherehe ya kipaimara, niliporudisha lori la Elisante nyuma nikaangusha nguzo ya turubai juu ya masufuria ya pilau. Usharika mzima unakumbuka. Nikaapa siku ile kwamba mimi na usukani basi, na kiapo nilikishika kuliko vingine vyote. Wewe ukajifunza, ukanunua pikapu kwa jasho lako, ukawa dereva wa nyumba, na mimi nikawa fundi seremala anayepakiwa na mke wake. Wanaume wa kijiweni walinitania mpaka wakachoka.

Lakini nililisikia neno mnunuzi, mke wangu. Nilimwona mtu nisiyemjua anapandisha kioo chako. Mdomo ukatangulia akili. Nikasema, "Siku ya kujengea kaburi, mchanga na saruji nitaleta mimi, kwa pikapu hii, nikiendesha mwenyewe mpaka juu. Nikishindwa, chukueni ufunguo." Nilitegemea mtu acheke. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Unajua nilichokuwa nakitegemea? Nilijiona nusu dereva tayari. Tangu siku ile ulipoanguka kutoka juu ya mzigo wa ndizi ukifunga kamba, bega lako la kushoto likavunjika, mkono wako haukufika tena kwenye gia. Watu wakakushauri ununue gari ya otomatiki. Ukasema gari inayojichagulia gia haijui tope la kwetu. Kisha ukanigeukia: "Fundi, mimi nina miguu, wewe una mkono. Panda." Nikapanda. Wewe ukakanyaga klachi, mimi nikabadili gia kutoka kiti cha kushoto. Wiki ya kwanza tulikwaruzana kutoka Kimandolu mpaka Tengeru. "Mbili. Tatu. Nimesema tatu, siyo moja, unataka kuniulia gari!" Mbele ya watu wa kituo cha basi ukanishusha nitembee, halafu ukabaki umesimama palepale unanisubiri, maana bila mimi hukuweza kuondoka. Mpaka leo nikikumbuka sura yako ile nacheka peke yangu.

Baadaye namba zikaisha. Nilikuwa naangalia goti lako la kushoto. Likiinuka najua klachi inakuja, na mlio wa injini unaniambia ni gia ipi. Yule trafiki aliyetusimamisha akauliza dereva ni nani, nawe ukamjibu bila kupepesa, "Tunasaidiana, afande." Alivyocheka ndivyo tulivyopona. Lilikuwa kosa, tena kosa la hatari, na simshauri mtu. Lakini kwa miaka ile miwili sidhani kama kuna watu waliokuwa wanaelewana Arusha nzima kama goti lako na mkono wangu.

Basi nikaenda kwenye mafunzo kifua mbele. Mwalimu wangu aliitwa Rehema, binti mdogo kuliko Upendo. Nikamwambia gia nazijua zote, anifundishe mambo ya miguu tu. Akawasha, akaniachia. Nilipofika pa kubadili gia, mkono wangu wa kulia ukauacha usukani, ukapita mbele ya tumbo, ukaenda kushika gia upande wa kushoto. Gari ikaelekea mtaroni. Rehema akapiga kelele, "Mzee wangu! Mkono wa kulia ni wa usukani!" Ndipo nikaelewa msiba wangu. Mkono uliosoma gia ulikuwa wa kulia, kwa sababu mimi nilikuwa nakaa kushoto kwako. Mkono wangu wa kushoto hata darasa la kwanza haujafika. Tena nilikuwa naangalia chini kutafuta goti liinuke, nasahau kwamba goti lenyewe sasa ni langu.

Na klachi! Kumbe ni nzito hivyo? Siku ya kwanza kwenye pikapu yetu, paja lilitetemeka kama la ndama aliyezaliwa leo. Kila nilipochelewa kubadili gia miaka ile, wewe ulikuwa unaishikilia gari nzima kwa mguu mmoja, mlimani, na mzigo nyuma, unaniambia "taratibu tu, Fundi." Sikujua. Nilidhani kazi ngumu ni ya kwangu.

Elisante alikuja kuniangalia siku moja, akatikisa kichwa, akasema samaki mkunje angali mbichi. Nikamjibu ng'ombe hazeeki maini. Lakini alipoondoka nililia. Nasema ukweli, nililia nimekaa kwenye mbao, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda na mkono wa kushoto ulikuwa haushiki.

Halafu nikakumbuka mimi ni fundi. Nikachukua kipande cha mbao ya mgrevilea, nikachonga njia za gia kwenye ubao, moja mpaka tano na ya kurudi nyuma, nikachomeka kijiti chenye kichwa, nikaupigilia ubao kushoto kwa kigoda changu pale karakana. Chini nikaweka vipande vitatu vya mbao kuwa klachi, breki na mafuta. Kila nikipumzika kupiga randa, nakaa, naendesha. Mguu kwanza, ndipo mkono. Mguu kwanza, ndipo mkono. Nilikuwa nanguruma kwa mdomo pia, usiniulize kwa nini, bila mlio sikuweza kujua gia ipi.

Majirani wakaona mgane amekaa kwenye kigoda anasukuma kijiti na kunguruma. Wakampigia Upendo simu, njoo, baba yako msiba umemwingia kichwani. Mtoto akaomba ruhusa shuleni anakofundisha, Babati, akapanda basi la asubuhi, akaingia getini ananikuta niko gia ya nne. Nilimweleza. Akaenda kuniletea chai. Hakucheka. Mama Upendo, huyu mtoto hajacheka tangu tukuzike, wala hajalia. Anapika, anafua, anasahihisha madaftari aliyokuja nayo, anajibu "ndiyo baba," "hapana baba." Jina lako halitaji. Likizo ilipoanza akarudi tena kukaa na mimi, na nyumba ilikuwa na watu wawili na kimya kimoja.

Leseni niliipata mara ya pili. Mara ya kwanza nilikosea kurudi nyuma kati ya nguzo, na nguzo mimi na wewe tunajua historia yake. Rehema akanipigia makofi kama mtoto aliyeanza kutembea.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nina ugomvi na wewe.

Ilibaki wiki moja kabla ya kujengea kaburi. Nikaona nianze na njia ya lami iliyonyooka, na wajenzi watahitaji kula, basi nikaenda peke yangu Oldonyo Sambu, ulikokuwa unanunua viazi vya kuuza, kuchukua vya chakula. Upepo wa kule unaujua. Nilifika salama, gari ilizima mara mbili tu. Yule yeyo muuza viazi, mama wa Kimaasai, rafiki yako mwenye sauti kubwa, akanipa pole, akanishika mkono hakuuachia. Kisha akasema, "Na wewe umekuja peke yako, baba, kama yeye alivyokuwa anakuja."

Nikamwambia hapana, yeye alikuwa haji peke yake, alikuwa anakuja na mimi Jumamosi. Akasema ndiyo, Jumamosi na wewe, Jumatano peke yake, mwaka mzima na zaidi. Nikamuuliza, na gia alikuwa anabadili nani? Akanishangaa. Akainua mkono wake wa kushoto, akausukuma mbele, akaurudisha nyuma, kama unavyomwonyesha mtu asiyejua gari ni kitu gani.

Nilipakia viazi sijui hata vilivyoingiaje. Mbele kidogo nikaegesha pembeni, nikazima. Jumatano! Kila Jumatano asubuhi nilikubadilishia gia mpaka soko la Kilombero, nikachukua bodaboda kurudi karakana, jioni nikarudi kwa bodaboda kukutoa. Nikiamini pikapu imelala pale mchana kutwa. Na viazi nikiviona unaniambia vimeletwa na lori. Bega lako lilipona lini? Kwa hesabu ya yeyo ni zaidi ya mwaka kabla hujafa. Mwaka mzima ninaacha kazi zangu! Madirisha ya jengo zima niliyakataa, nikamwambia mwenye jengo kwamba mke wangu hawezi kutoka bila mimi.

Nilikasirika. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Marehemu hasemwi vibaya, lakini siku ile ulisemwa, na niliyekusema ni mimi, kwa sauti, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kisha hasira ikaniishia, na kilichobaki kikawa kiti kile cha kushoto, kitupu. Nikakiangalia. Nikajiuliza tulikuwa tunaongea wapi kabla ya bega kuvunjika. Hatukuwa tunaongea. Nilikuwa natoka karakana nina vumbi la mbao, nakula, naangalia taarifa ya habari, nalala. Miaka thelathini ya ndoa, na kwenye pikapu ndiko uliniambia unaogopa kuzeeka. Kwenye pikapu ndiko nilikwambia kuhusu yule mtoto wetu wa kwanza ambaye hakuishi, kwamba niliyemchongea sanduku ni mimi, na kwamba sijawahi kumwambia mtu. Ulisimamisha gari. Ukanishika shingo kwa mkono ule ule niliodhani hauwezi kufika popote. Na mimi sikugundua. Fundi gani mimi!

Ungeniambia umepona, ningeshukuru Mungu na kurudi karakana siku hiyo hiyo. Ungeniambia njoo tu tukae pamoja, ningesema nina kazi. Ulinijua. Sijui kama ndivyo ulivyowaza, hukuacha maelezo, lakini mimi nimeamua ndivyo. Hiyo kazi ya madirisha nimekusamehe.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulipakia mchanga, mifuko ya saruji na vigae ulivyovipenda, vile vyeupe vyenye mstari. Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha, kwa hiyo udongo wetu mwekundu ulikuwa umelainika vizuri kuniaibisha. Upendo alisema atatangulia na pikipiki, akasaidie kupika. Nilijua hawezi kuangalia. Nikapanda peke yangu kutoka Tengeru, gia ya pili, migomba inanipiga mbavuni, mpaka chini ya kile kilima cha mwisho kabla ya kwetu. Juu walikuwa wamejipanga wote. Elisante, ndugu, wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya na sufuria zao.

Katikati ya kilima gari ikazima.

Ikaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, tairi zikateleza, ubavu wa kushoto ukakwaruza mti wa kahawa, ikasimama. Elisante alishafika anakimbia, amebeba jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Akaja dirishani anahema. "Kaka, umejitahidi. Shuka sasa, nikupandishie." Alisema kwa huruma. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Nilikuwa nashuka, mke wangu, sitakudanganya. Ufunguo ungekuwa wa mnunuzi jana ile ile.

Kilichonizuia si ushujaa. Nilimwona Upendo juu kule. Alikuwa ameacha kumenya viazi, amesimama na kisu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa unataka kitu. Alikuwa anataka nipande.

Nikavuta handibreki. Nikawasha. Mguu kwanza, ndipo mkono: gia ya kwanza ikaingia bila kelele. Nikakanyaga mafuta kidogo, nikaachia klachi polepole sana mpaka nikasikia gari inajishika, pua inataka kuinuka. Nikamwambia Elisante, "Toa jiwe."

"Kaka."

"Toa jiwe, Elisante."

Akalitoa. Nikashusha handibreki. Kwa muda ambao sijui ni mfupi au mrefu, pikapu haikwenda mbele wala haikurudi nyuma, ilining'inia pale kwenye mguu wangu wa kushoto peke yake, nzito kama ilivyokuwa kwenye mguu wako. Kisha ikapanda. Ilipanda inalia, tope linaruka nyuma likamchafua Elisante mpaka kofia, na akina mama wakaanza vigelegele kabla sijafika. Nikasimama juu, nikavuta handibreki. Elisante akafungua mlango, tope usoni, akaniambia, "Mnunuzi nitampigia mimi."

Na Upendo alikuwa amekaa chini kwenye majani, analia. Analia kwa sauti, mama yangu, mama yangu, akina mama wamemzunguka. Nikasema ashukuriwe Mungu. Alie.

Kaburi lako limependeza. Vigae vimekaa sawa, nilivipima mwenyewe kwa pima maji, unajua siwaamini mafundi wa watu. Leo nimerudi na Upendo kumwagilia saruji, ndiyo maana niko hapa naandika na yeye yuko kule na ndoo. Tumekuja kwenye gari moja, amekaa kushoto. Njiani amesema maneno matatu. Moja lilikuwa "mama."

Pumzika, Mama Upendo. Biashara yako ya ndizi na viazi naiendeleza, Jumatano na Jumamosi, na hiyo ni ahadi ya mtu mwenye leseni. Ahadi ya pili nakupa kwa siri. Jana kwenye mti wa kahawa saidimira ya kushoto, kile kioo cha pembeni, ililegea, inageuka-geuka. Nimemwambia Upendo kwamba haitengenezeki haraka, na kwamba mpaka likizo yake iishe itabidi awe anapanda na mimi kila safari, kwenda na kurudi, akae pale airudishe kwa mkono. Amekubali.

Ni skrubu moja tu. Ninayo mfukoni.

Wako,
Fundi